Vyumba vya Nyuma ya Duka: Safari ya Kutazama Nyumba Moja ya Jinja

Nilikwenda Jinja kwa ajili ya nyumba moja. Mji huo una mengi ya kumvuta msafiri, na wengi wanaoufikia hushuka moja kwa moja hadi ukingoni mwa Ziwa Viktoria, pale Mto Nile unapoanza safari yake ndefu ya kwenda Misri. Mimi nilikuwa nimesikia, kutoka kwa rafiki anayefundisha Kiswahili huko, kwamba familia moja ya Kihindi imefungua vyumba vya chini vya nyumba yao ya zamani, duka na makazi kwa pamoja, ili wageni waingie na kuona vitu walivyotumia wazee wao. Mwenye nyumba aliniomba nisitaje jina la ukoo wala la mtaa, nami ninaliheshimu ombi hilo.

Haja hiyo ilikuwa imenikaa moyoni tangu zamani. Kampala tunayo Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kupata jengo lake la Kamwokya, lililosanifiwa na Ernst May, mwaka 1954. Ala za muziki zilizomo humo sijaziona mahali pengine popote kwa wingi na ubora huo. Mwaka 2019 palifanyika maonyesho ya picha za enzi za Idi Amin, zilizochaguliwa kutoka maelfu ya negativu zilizokuwa katika hifadhi ya shirika la utangazaji la taifa. Nilitoka katika maonyesho yale nikiwaza juu ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972. Habari za kuondoka kwao tumezisikia sote, lakini habari za kuishi kwao, walipika nini, waliandika nini katika madaftari yao, nani aliwafulia na nani aliwashonea, hazisimuliwi sana.

Taksi iliondoka Kampala asubuhi, ikapita Mukono na kufika Lugazi, ambako miwa huanza kuonekana pande zote mbili za barabara. Kiwanda cha sukari cha hapo kilianzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na hata abiria asiyejua jina hilo hujua harufu ya molasi. Baada ya msitu wa Mabira, mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akielekea Busia aliniuliza ninakwenda kufanya nini Jinja. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nyumba za Wahindi, mwanangu, mimi nimepanga katika moja miaka mingi. Kuta zake ni nene, hata jua la adhuhuri haliingii. Lakini kodi!” Watu waliotuzunguka wakaitikia, na mazungumzo ya kodi yakaendelea hadi tulipovuka Nile kwa daraja jipya la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018.

Barabara kuu ya Jinja haifanani na ya mji mwingine wowote wa Uganda. Majengo ya ghorofa moja na mbili yamesimama bega kwa bega, kila moja likiwa na baraza yenye nguzo, na juu ya paji la uso wake kuna maua ya saruji, na katika baadhi yake mwaka wa ujenzi. Ustawi huo uliletwa na pamba na reli. Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912. Njia kuu kutoka pwani ilifika Jinja mwaka 1928, na daraja la reli juu ya Nile likakamilika mwaka 1931. Penye treni na pamba palihitajika vinu vya kuchambulia pamba, maghala, makarani na maduka, na kazi hizo kwa sehemu kubwa zilishikwa na watu waliotoka Gujarat, Kutch, Punjab na Goa.

Hapa sina budi kusahihisha jambo linalorudiwa mara nyingi. Watu husema kwamba Wahindi wa Uganda ni wajukuu wa vibarua waliojenga reli ya kutoka Mombasa. Vibarua hao walikuwa zaidi ya 31,000, karibu 2,500 kati yao walifia kazini, na wengi wa walionusurika walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waliofungua maduka walikuja wengi wao kwa nauli zao wenyewe, wakifuata ndugu au mtu wa kijiji chao. Allidina Visram alifika Zanzibar akiwa bado kijana mdogo, na kabla ya kufariki mwaka 1916 alikuwa na matawi ya biashara kutoka pwani hadi ndani kabisa ya Uganda. Muljibhai Madhvani alikuja mwaka 1908, akaanza kwa kazi ya duka la jamaa zake, na baadaye akajenga kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja. Wengine, ambao ndio wengi, hawakujenga viwanda. Walikaa nyuma ya kaunta moja maisha yao yote, na nyumba niliyokwenda kuitazama ni ya watu wa namna hiyo.

Mwenyeji wangu, mama wa makamo ya uzeeni, alinipokea barazani. Anazungumza Kiswahili cha dukani, chepesi na chenye heshima, alichojifunza utotoni. Nyumba yenyewe ina mpango ambao yeyote aliyekulia katika miji yetu ataufahamu: mbele baraza, kisha duka, nyuma ya duka ghala, kisha ua wa saruji uliozungukwa na vyumba vya kulala na jiko, na mwisho kabisa, kando ya mlango wa kichochoroni, vyumba viwili vidogo vya watumishi.

Nilikaa zaidi mbele ya madaftari. Ni marefu na membamba, yamefungwa kwa kitambaa chekundu na uzi, na mwandiko wake ni wa Kigujarati. Katika kurasa za mwanzo hesabu zimo kwa rupia, kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1920, zinageuka kuwa za shilingi. Mama alinisomea ukurasa mmoja polepole, kidole chake kikifuata mstari, nami nikasikia majina ambayo sikuyatarajia: Waiswa, Tenywa, Babirye, Mukasa. Waiswa alichukua jembe na chumvi. Babirye alichukua amerikani, dhiraa kadhaa, na mafuta ya taa. Mbele ya kila jina kulikuwa na alama inayoonyesha kwamba deni litalipwa pamba ikiuzwa. Daftari hilo linaitwa la familia, lakini ukilifungua unakuta wakulima wa Busoga kuliko watu wa familia, na nilipomwambia Mama hivyo alikubali kwa kichwa.

Kando ya madaftari kuna mizani ya shaba na mawe yake ya chuma ya kupimia ratili. Nilimwuliza kwa adabu kama anajua wazee wetu walivyosema juu ya mizani za Wahindi. Hakuudhika. “Ninajua,” alisema. “Baba yangu alisema wako waliopunja, na yeye alilipia sifa yao.” Jibu hilo lilinifaa kuliko utetezi wowote. Malalamiko ya mizani na bei hayakuwa ya kubuni, maana ghasia za mwaka 1949 huko Buganda zilitokana kwa sehemu na wakulima kudai haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe, na miaka michache baadaye serikali ilianza kuviwezesha vyama vya ushirika kumiliki vinu. Mwaka 1959 ukafuata mgomo wa kutonunua katika maduka ya Waasia. Mizani ile imewekwa mezani bila maelezo yoyote kuhusu hayo, nami naona ingesema zaidi kama yangeandikwa.

Jikoni mlikuwa na jiwe la kusagia viungo lililolika katikati, kibao cha mviringo cha kusukumia chapati, na kopo la bati lenye vikopo vidogo saba ndani yake, ambalo hadi leo likifunguliwa hutoa harufu ya bizari nyembamba. Juu ya rafu kulikuwa na sufuria kubwa iliyopigwa weusi na moto, na Mama akanieleza kwamba ilikuwa ya matoke. Mama yake mzazi hakujua kuyapika. Alifundishwa na mpishi wao, mwanamke wa Bugembe, jinsi ya kuyafunga katika majani ya mgomba na kuyaacha yaive kwa mvuke, na baadaye yeye akaanza kuyaunga kwa haradali na pilipili. Chakula hicho kilisafiri nao hadi Leicester, pamoja na mihogo ya kukaanga, na wajukuu waliozaliwa Uingereza hukiita chakula cha nyumbani bila kuuliza kimetoka wapi.

Ghala la nyuma limetengewa mwaka 1972. Amin alitangaza uamuzi wake wa kuwafukuza Waasia mwanzoni mwa Agosti, akatoa siku 90. Ndege ya kwanza ya waliofukuzwa ilitua Stansted, uwanja wa ndege wa Uingereza, tarehe 18 Septemba, na zaidi ya watu 27,000 hatimaye walipokewa Uingereza, wengine maelfu wakaenda Kanada na India. Ukutani kuna nakala ya tangazo ambalo halmashauri ya Leicester ililitoa katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi Waasia wa Uganda wasiende mjini kwao. Mama alikuwa msichana wa shule wakati huo. Familia yake iliondoka na masanduku ya bati na fedha kidogo iliyoruhusiwa, ikaenda Leicester hiyo hiyo, kwa sababu huko ndiko walikokuwa na jamaa. Walirudi katika miaka ya 1990, serikali ya Museveni ilipowaalika wenye mali kudai majengo yao, na wakakuta nyumba imejaa wapangaji waliokuwa wamezaa na kulea humo. Kuwahamisha haikuwa kazi ya furaha kwa upande wowote, na Mama alilisema hilo mwenyewe kabla sijamwuliza. Katika maonyesho yake, hata hivyo, miaka hiyo 20 ya wapangaji haimo kabisa.

Vitu vilivyomo vingi havikwenda Uingereza. Viliwekwa kwa majirani, na vikarudishwa na majirani. Bembea ya mbao ya sebuleni, inayoning'inia kwa minyororo ya shaba, ilikaa katika nyumba ya sheikh mmoja. Picha za arusi zilifichwa darini. Cherehani ya Singer ilikuwa kwa fundi aliyeshona barazani, na mwanawe, ambaye sasa naye ni mzee na bado anashona pale pale, alinieleza habari zake.

“Baba alisema hii si yetu, ni amana,” alisema. “Aliitumia kazini, hakukataa, lakini kila mwaka aliipaka mafuta na kusema watarudi.”

“Na waliporudi, Mzee, mliirudisha bure?”

“Tuliirudisha. Wakatupa nyingine mpya. Lakini ile ya zamani ilishona vizuri zaidi.”

Mashine za aina hiyo, na mafundi wa aina ya baba yake, zimeacha alama katika nchi nzima. Gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Buganda na Busoga, husimuliwa kuwa kazi ya fundi Mgoa aliyewashonea wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne iliyopita, na leo hakuna arusi wala mazishi linapokosekana. Hata hivyo kikaratasi kilichowekwa kando ya cherehani ile kilisema tu kwamba ni ya duka, na mwaka iliponunuliwa. Jina la fundi halikuwamo. Nilirudi jikoni, na sufuria ya matoke haikuwa na jina la mpishi. Nikaenda hadi vile vyumba viwili vya mwisho. Vilikuwa vimejaa viti vilivyovunjika.

Nilimwambia Mama wazi yaliyonikaa moyoni. Nilisema kwamba nyumba yake ni hazina, kwamba majengo kama hayo yanabomolewa mjini na baada ya miaka michache hatutakuwa na la kuonyesha, na kwamba kazi aliyoifanya kwa fedha zake ilistahili kufanywa na taifa. Nikasema pia kwamba nyumba haikuendeshwa na familia peke yake, na mgeni anayetoka humo bila kujua hivyo anatoka na nusu ya habari. Alisikiliza. Akamwita fundi kutoka barazani, akaleta kalamu na kadi, wakaketi kwenye bembea wote wawili wakikumbushana: jina la fundi baba, dobi, mlinzi aliyetoka upande wa Lango, yaya. Walibishana juu ya dobi, kwa kuwa kila mmoja alimkumbuka kwa jina tofauti, na mwishowe wakaandika majina yote mawili. La mpishi walilijua, lakini Mama hakutaka kuliandika bila ruhusa ya watoto wa mpishi huyo.

Kwa hiyo alasiri nilipanda bodaboda kwenda Bugembe, katika barabara ya kuelekea Iganga, na kwa kuuliza-uliza nikampata binti wa mpishi akianika mahindi uani kwake. Nilimwamkia, nikamweleza nimetumwa na nani. Alifikiri, akaniambia ruhusa ipo, kwa sharti moja.

“Usiandike kwamba alipika tu,” alisema. “Andika kwamba siku walipoondoka yeye ndiye aliyeifunga ile nyumba, na ufunguo ukakaa kwake mpaka askari walipokuja kuuchukua. Mama yangu aliwauliza wana karatasi gani. Hawakuwa na karatasi.”

Nilimpigia Mama simu hapo hapo, na wale wanawake wawili wakazungumza kwa muda mrefu, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisoga, ambacho sikujua kwamba Mama anakifahamu.