Kipimo cha vumbi kisipotee pamoja na kiwanda

Mfanyakazi aliyevuta vumbi la asbesto ujanani anaweza kukaa miaka 30, hata 40, kabla saratani ya utando unaozunguka mapafu haijajitokeza. Kufikia hapo kiwanda huenda kilishafungwa, msimamizi alishastaafu, na daftari la vipimo halijulikani liliko, lakini mgonjwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha alivuta nini. Jambo hili linaniuma, na ndiyo maana naamini kumbukumbu hizo zisiachwe mikononi mwa mwajiri peke yake, bali ziwekwe katika kanzidata ya taifa.

Wapo walioanza zamani. Ujerumani inakusanya vipimo katika kanzidata iitwayo MEGA tangu 1972, Ufaransa ilianzisha ya kwake, COLCHIC, mwaka 1987, na Ufini ina rejista ya ASA tangu 1979, ambamo waajiri huandikisha wafanyakazi wanaokutana na visababishi vya saratani.

Ugumu wenyewe uko katika kinachoandikwa. Mpimaji humfunga mfanyakazi pampu ndogo kiunoni na kubana chujio karibu na ukosi wa shati, pale pale anapovutia pumzi. Zamu ikiisha, chujio hupelekwa maabara, na inarudi tarakimu moja, tuseme miligramu 0.2 za silika, madini yaliyomo katika vumbi la mawe, kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Tarakimu hiyo ikiingizwa peke yake haimsaidii mtu. Je, jiwe lilikatwa kavu au kwa maji? Pampu ilifanya kazi kwa saa ngapi? Alivaa barakoa ya aina gani? Na kwa nini siku hiyo walikwenda kupima? Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, ilhali wakaguzi aghalabu huitwa penye malalamiko, kwa hiyo anayezichukua namba zao kuwa hali ya kawaida ya sekta nzima atapotoka. Vipimo vilivyo chini ya uwezo wa chombo kugundua navyo viandikwe hivyo hivyo, visifutwe wala visigeuzwe sifuri.

Usiri nao ulindwe kwa sheria, asije mtu akanyimwa kazi kwa sababu ya vumbi alilolivuta kwa mwajiri aliyetangulia. Lakini yeye mwenyewe, au mjane wake, akiomba nakala ya kumbukumbu zake apewe, bila kutumwa kwanza kwa mwajiri kutafuta ruhusa.