Kipindi cha baada ya chakula

Mwezi wa pili Mombasa hauna huruma. Kaskazi inavuma baharini, lakini kwenye darasa la mabati lenye wanafunzi zaidi ya sitini upepo haufiki. Watoto wametoka kula, shati zimeganda mgongoni, macho mazito. Ukitaka kumjua mwalimu, mwangalie anavyoendesha kipindi hicho.

Wengi hutegemea sauti. Mwalimu anapaza, darasa linatulia kidogo, kelele zinarudi, anapaza zaidi. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalikaza katazo hilo katika kifungu cha 36. Lakini hata sasa chumba cha walimu hakikosi mtu wa kuuliza, "Basi tuwashike na nini?" Naliheshimu swali hilo, maana anayeuliza amechoka kweli. Ila linakuja wakati mambo yameshaharibika.

Mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1970, alianza kwa kuchunguza namna walimu wanavyokemea. Akakuta kwamba ukemeaji hautofautishi madarasa matulivu na yale ya vurugu. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa: mwalimu anaona pembe zote na wanafunzi wanajua anaona, na kutoka kazi moja kwenda nyingine haachi mwanya wa watoto kukaa bure. Hilo naliamini kwa sababu naliona kila siku. Kwangu kazi ya kwanza huwa iko ubaoni kabla sijaingia. Kiranja ndiye anayeiandika. Anayeingia anakuta la kufanya.

Leo tulikuwa na hesabu za saa na dakika. Nikauliza: ikiwa leo maji ya bahari yamejaa saa kumi alasiri, kesho yatajaa saa ngapi? Wale wa mbele wakadakia, "Saa kumi!" Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Mary Budd Rowe, Mmarekani mwingine, aligundua kwamba mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuita mwingine au kujijibu mwenyewe. Akisubiri tatu au zaidi, majibu yanakuwa marefu, na wasiozoea kusema wanaanza kusema. Sekunde tatu ni nyingi sana ukiwa umesimama mbele ya watoto sitini. Nilisubiri.

Dirishani nyuma yuko kijana ambaye kwao ni wavuvi, upande wa Mtongwe. Ni mkimya, na kwa haraka ungemwita mvivu. Akainua mkono nusu.

"Mwalimu, leo mwezi ngapi?"

Wachache wakacheka. Mmoja wa madrasa akamjibu: mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi uandame.

"Basi ni bamvua, maji makubwa. Kesho si saa kumi. Maji huchelewa kila siku, karibu saa nzima."

Nikamwachia chaki. Kwa wastani ni kama dakika 50, kwa sababu maji hufuata mwezi, na dunia ikimaliza kujizungusha mwezi nao umeshasogea, na inabidi dunia iufuate kidogo. Saa kumi, saa kumi na dakika 50, saa kumi na moja na dakika 40. Msichana mmoja akauliza lini yatajaa tena saa kumi alasiri. Hapo usingizi ukakimbia. Wakakumbuka kwamba bahari hujaa mara mbili kwa siku, kwa hiyo yale ya alfajiri yakichelewa kwa saa 12 yataangukia alasiri. Dakika 720 gawanya kwa 50. Walibishana, walifuta, waliandika upya. Kelele zilikuwepo, na sikuzizima hata kidogo, kwa kuwa zote zilikuwa za hesabu.

Sikumpa kijana yule peremende wala kalamu. Najua wenzangu wengi hutoa zawadi kwa nia njema, lakini mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi cheti watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora, na baadaye watoto hao wakachora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Kwa hiyo nilimpa kazi: kila asubuhi aandike kwenye kona ya ubao saa ya maji kujaa, kama alivyoambiwa na babu yake.

Kuna atakayesema mtaala hautaisha kwa mwendo huu. Zoezi la kitabuni tulilifanya baada ya hapo, na waliolikamilisha kabla ya kengele walikuwa wengi kuliko jana. Kikundi cha mlangoni kinashikilia kwamba jibu ni siku 14, cha dirishani kinasema 15. Sijawaamulia. Ubao utaonyesha.