Tochi, kioo na chujio

Mama alipiga simu kutoka Tanga usiku ule wa 2017, nami nimo majini hadi kifuani kwenye kituo cha wakunga, kusini mwa Uingereza. "Unazalia kwenye beseni? Umekuwa pweza?" Mume wangu, aliyeshika simu, alicheka hadi mkunga akageuka.

Sikuwa na nguvu za kujibu. Maji yalikuwa vuguvugu, kama nyuzi 37, kipimajoto kikielea pembeni. Uchungu ulikuwepo, ila maji yaliubeba. Nilipiga magoti, viwiko ukingoni, nikivuta ile gesi yao ya kupunguza maumivu hadi nikawa kama nimelewa. Mkunga alichungulia chini kwa tochi na kioo cha mkono. Msaidizi wake alikuwa na chujio, kama la kuchujia tui. Alichokuwa akikichuja sisemi, waliozaa wanajua.

Alfajiri mtoto akaibuka, akafumbua macho kabla ya kulia.

Nami niliingia mle nikiamini maji yatalainisha kila kitu, sitachanika. Nilichanika, daraja la pili, yaani hadi kwenye misuli. Hata kushonwa nilisubirishwa karibu saa nzima, maana nyama iliyokaa majini huvimba na kulainika. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia.

Wiki ya saba, nimepanga foleni dukani, mtoto kifuani, nikapiga chafya. Moja tu. Vuguvugu likashuka hadi kwenye soksi. Maziwa na mkate niliviacha pale pale.

Nilipomwambia Mama, nilijua atasema ni kwa sababu sikukandwa. Akanyamaza kidogo. "Mimi tangu nikuzae wewe, nikicheka sana nakimbilia chooni." Miaka 31, hakuwahi kulitaja!

Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza kwamba misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, huelemewa na mimba yenyewe, kisha huvutwa mtoto anapopita, uzalie kitandani au majini. Maji yamenipunguzia maumivu. Misuli ni kazi yangu. Bana kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, hesabu hadi kumi, achia. Mara kumi, kutwa mara tatu, na usizuie pumzi.

Jioni nikampigia Mama, nikamfundisha. Tukabana wote, yeye Tanga, mimi jikoni kwangu.

"Mama, umeachia?"

"Bado. Wewe hesabu, usinichekeshe."