Siku moja maishani mwangu: siku ya Baraza, na kosa langu la neno moja

Saa 10:40 alfajiri

Meseji ya kwanza ya siku inatoka kwa mtendaji wa kata: "Dada shikamoo, taarifa ya kata yangu ina ukurasa umegeuka juu chini, bado inabadilishika?" Haibadilishiki. Makabrasha yaligawiwa wiki iliyopita. Mtendaji huyu amenizidi umri kwa miaka mitano, lakini mtu akiwa na shida huamkia yeyote.

Kwa asiyejua: mimi ni karani wa vikao katika halmashauri ya mji mdogo huku Nyanda za Juu Kusini. Kisheria katibu wa Baraza la Madiwani ni Mkurugenzi, ila kalamu naishika mimi. Baraza la kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu, na leo ni la robo ya nne, lile la kufungia mwaka wa fedha. Ni mwezi wa saba, na nje kuna baridi ya kuunguza majani ya viazi.

Saa 1:30 asubuhi

Ukumbini. Vibao vya majina, maji, kalamu, kipaza sauti kinachokoroma. Majoho yamerudi kwa dobi, na la Mwenyekiti halina kifungo cha shingoni. Dobi anaapa lilikwenda hivyo hivyo. Nina sindano kwenye mkoba lakini uzi nilio nao ni mweupe na joho ni jekundu, basi nakipaka kile kiuzi wino wa kalamu nyekundu. Ukikaa mita mbili huoni kitu.

Saa 3:15

Waheshimiwa wanaingia. Baraza letu lina wajumbe 17: madiwani 12 wa kata, wanne wa viti maalum, na Mbunge, ambaye kwa nafasi yake ni mjumbe. "Mahudhurio kwanza, Mheshimiwa, chai iko palepale."

Mama mmoja wa viti maalum amekuja na kabrasha lililochomekwa vipande vya gazeti kila baada ya kurasa kadhaa. Mwalimu mstaafu. Nikiona vile vipande tumbo hunikata, maana madiwani wengi kabrasha hulifungua wakishakaa. Yeye hulilalia.

Saa 4:05

Dua. Akidi imetimia, wapo 15. Kufungua kikao, kuthibitisha ajenda, halafu kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Hapa Mwenyekiti hutaja kurasa kama anayehesabu mbuzi: ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa kawaida dakika tano zinatosha.

"Ukurasa wa 14, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Ni yeye.

"Imeandikwa hapa, 'Baraza liliridhia mapendekezo ya kupandisha ushuru wa meza sokoni kutoka shilingi 300 hadi 500.' Nilikuwepo. Sisi hatukuridhia. Tulipokea."

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka. Ukipita mtaani hayo ni maneno ya kupambia karatasi, lakini ofisini kwetu kila moja lina mlango wake. Baraza "likipokea", limesikia, basi. "Likiridhia", limekubali, na wataalamu wanaweza kusonga mbele. Ushuru hupandishwa kwa kurekebisha sheria ndogo: rasimu inatangazwa, wananchi wanatoa maoni na pingamizi, Baraza linapitisha, kisha inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa aidhinishe, ndipo ichapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Mwezi wa nne Baraza lilitaka wafanyabiashara wasikilizwe kwanza. Kalamu yangu ikawarukia.

Ilikuwaje? Usiku ule umeme ulikatika, nikamalizia kuandika kwa simu, na sentensi nikainakili kutoka kwenye muhtasari wa zamani nikabadilisha kiasi tu. Basi. Sina hadithi nzuri zaidi ya hiyo.

Mwanasheria wa halmashauri alinigeukia. Mkurugenzi hakunigeukia kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Mwenyekiti akasema, "Katibu, rekebisha." Nikakata neno kwa mstari mmoja, nikaandika "lilipokea" juu yake, nikampelekea atie saini ya ufupi pembeni. Kifungo chake kilikuwa bado kimeshika.

Mheshimiwa alikuwa na la mwisho: "Akina mama wa mchicha wameniuliza mbona tumewapandishia. Nikawaambia si kweli. Wakanitolea karatasi."

Saa 5:00

Yatokanayo. Hapa ndipo Baraza linapouliza: tulisema, mmefanya nini? Choo cha soko, utekelezaji unaendelea. Uzio wa zahanati, utekelezaji unaendelea. Ningekuwa na uwezo ningetunga sheria ndogo dhidi ya hayo maneno mawili, na faini juu.

Barabara zilizungumzwa dakika 40. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na meneja wake alikuwepo, akajibu vizuri tu. Lakini diwani anayekwama na bodaboda kwenye tope hawezi kuwaambia wapigakura habari za mgawanyo wa majukumu.

Saa 7:20 mchana

Taarifa ya Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na vinyungu. Kwa wageni, kinyungu ni bustani ya bondeni, kwenye unyevu, inayolimwa kiangazi mashamba ya juu yakiwa makavu. Mahindi mabichi na maharage ya miezi ya njaa hutoka huko. Sasa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kijito chetu kina vinyungu pande zote mpaka majini.

Afisa mazingira akaonyesha picha: mwezi wa kumi, kijito kimebaki kama mkojo wa ng'ombe. Diwani mmoja mzee akasimama. "Mwenyekiti, bibi yangu alilima kinyungu pale pale, na mto haukukauka. Kilichobadilika ni hizi pampu." Mwingine akadakia kwamba wenye pampu hawazidi kumi, wa jembe ni mamia, na zile mita 60 zinawahesabu wote sawa. Sijawahi kuona ukumbi ule ukisikiliza namna ile. Kwa maoni yangu mzee alikuwa na hoja, ila karani hana maoni.

Mwenyekiti akafunga mjadala akitazama saa: "Basi, hili tumelichukua."

Saa 9:10 alasiri

Wali, kuku, soda. Mlangoni vijana watano wa kikundi cha bajaji wananiuliza kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile tunayoita nne-nne-mbili: wanawake, vijana, wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na tangu hapo hawatoki mlangoni. Nimewaelekeza kwa maendeleo ya jamii, chumba cha tatu. Wamesema ndiko walikotoka.

Saa 11:30 jioni

Kikao kimeahirishwa. Posho, saini, majoho kwenye mifuko.

Saa 12:15

Nimepitia sokoni. Mama ninayemnunulia mchicha hajui kazi yangu, anajua nafanya "pale halmashauri".

"Mwanangu, ni mia tatu au mia tano?"

"Mia tatu, mama. Haijabadilika."

Akaniongezea fungu moja. Nilitaka kulikataa, nikaogopa ataniuliza sababu.

Saa 4:20 usiku

Leo umeme upo na sinakili chochote. Nimefika kwenye vinyungu. Nimerudia kinasa sauti mara tatu, na kila mara Mwenyekiti anasema vilevile: "hili tumelichukua." Limechukuliwa kwenda wapi? Kama limepokelewa, watu wanapanda maharage mwezi huu. Kama limeridhiwa, mgambo wanashuka bondeni.

Nimeandika "lilipokea". Nimefuta. Nimempigia mwanasheria, simu imeita mpaka ikakatika yenyewe. Nimeacha nafasi wazi kwenye sentensi, nikaipaka rangi ya njano, nikafunga kompyuta.