Nyanya za Bahati zimenifunza glasi ya maji

Msimu wa pili huu nyanya zangu zinanyauka majani yakiwa bado kijani. Asubuhi zimesimama wima, saa saba zimelala kama zilizomwagiwa maji ya moto. Nikakimbilia agroveti hapa Bahati, nikauziwa dawa ya ukungu, nikamwagilia shina baada ya shina. Shilingi 2,400 zikaenda hivyo, na nyanya zikaendelea kufa zikifuata mtaro wa maji.

Jana mama jirani akanicheka. "Baba Njeri, hebu kata shina moja ulining'inize kwenye glasi ya maji safi." Nikakata. Dakika chache tu, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka polepole. Kumbe uzi ule ni bakteria wanaotoka shinani: ni mnyauko wa bakteria, si ukungu! Dawa ya ukungu ingeufanya nini?

Sasa naambiwa ninunue ile dawa ya kufukiza udongo. Nimekataa. Inaua hadi nyungunyungu, na kisima kiko hatua kumi kutoka hapo. Nimeng'oa zote nikachoma. Napanda mahindi, kisha vitunguu, misimu kadhaa. Viazi mviringo, pilipili, hata mboga za managu (na ninavyoyapenda, jamani) marufuku: ni ukoo mmoja na nyanya.