Baba na Nyumba Isiyo na Msumari

Baba hakuipenda London. Alipokuja Uingereza kuwaona wajukuu zake nilimzungusha kwenye majumba yote ambayo watalii hupiga foleni kuyaona. Alisimama mbele ya Buckingham, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Mawe." Kanisa kuu la St Paul's nalo likapata neno hilohilo. Mtu aliyezeeka na tezo na randa pale Ngamiani, Tanga, hababaishwi na jiwe.

Basi nikamtafutia mbao. Jumamosi moja ya Oktoba tukaenda Singleton, kijiji kilichoko kaskazini ya Chichester, kwenye makumbusho ya Weald and Downland. Pale hakuna makabati ya vioo. Kuna nyumba za kale zilizokuwa zibomolewe huko zilikokuwa, zikafunguliwa kwa uangalifu, zikasafirishwa na kusimamishwa upya katika bonde lenye malisho. Niliyotaka aione inaitwa Bayleaf, nyumba ya mkulima wa Kent aliyekuwa na uwezo wake.

Garini nilimsimulia nilichokijua. Sehemu kubwa ya nyumba ilijengwa kati ya mwaka 1405 na 1430, na upande mmoja ukaongezwa mwanzoni mwa karne ya 16. Miaka hiyo imesomwa kwenye mbao zenyewe, kwa kuhesabu pete za ukuaji wa mti. Nyumba ilikaa mahali pake, Bough Beech, mpaka miaka ya 1960, wakati kampuni ya maji ilipotaka bonde lile liwe bwawa. Kampuni haikuiacha izame. Iliwapa watu wa makumbusho, ambao ndiyo kwanza walikuwa wanaanza, na mwaka 1968 na 1969 ikafunguliwa kipande baada ya kipande.

"Iliwezekanaje kufunguliwa?" Baba akauliza.

"Haina misumari, Baba. Fremu yote ni viungo na vigingi vya mti."

Hakujibu, lakini tangu hapo hakulalamikia tena baridi.

Ukiitazama kwa mbele, Bayleaf ina sehemu ya kati iliyorudi ndani kidogo, na pande mbili ambazo ghorofa zake zimechomoza nje kuupita ukuta wa chini. Juu ya zote paa ni moja, la vigae vya udongo. Waingereza huita nyumba za mtindo huu kwa jina la eneo lenyewe, Weald, maana ndiko zilikojaa. Mimi nilikuwa nimeshaziona nyingi, nikizipenda kama mtu anavyopenda picha ya kalenda. Baba hakusimama kupiga picha. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya pembeni, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaipapasa penye ufa mrefu.

"Hii iliwekwa mbichi," akasema. "Imekaukia hapahapa."

Ni kweli. Mafundi wa zamani waliuchonga mwaloni ungali na maji yake, kwa sababu ukikauka huwa kama chuma na patasi hukimbia. Walikata na kuunganisha fremu nzima chini, wakaichora alama, wakaifungua, kisha wakaisimamisha kwenye kiwanja. Alama hizo, mikwaruzo kama namba za Kirumi, Baba alizigundua kabla yangu. Alicheka. Kwenye karakana yake kila mguu wa kitanda una alama ya penseli, ili vijana wasichanganye wa kushoto na wa kulia.

Kuta nazo hazikumshangaza. Katikati ya nguzo kuna fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. "Nyumba ya kukandika," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Ndani moto ulikuwa unawaka, tena katikati ya sakafu. Ukumbi wa Bayleaf hauna dari wala dohani. Umeachwa wazi toka chini hadi kwenye makombamoyo, na moshi hupanda, hutanda juu, kisha hujitafutia njia kwenye upenyo wa vigae. Madirisha hayana kioo hata kimoja, ni vijiti vinene vya mti vilivyosimamishwa, na ubao wa kufungia usiku. Mbao za paa ni nyeusi kwa masizi. Mimi macho yalinichuruzika mara moja. Baba, aliyelelewa kando ya mafiga huko Korogwe, alivuta kigoda akakaa, akamwamkia kwa kichwa mama aliyekuwa akichochea moto. Mama yule alikuwa mfanyakazi wa kujitolea, amevaa gauni la sufu la karne ya 16, kwani makumbusho wameipamba nyumba ilivyoweza kuwa karibu na mwaka 1540.

Alitueleza mpangilio. Upande mmoja wa ukumbi ni wa mwenye nyumba: meza yake iko huko, mbali na mlango na upepo wake, na nyuma ya meza kuna chumba cha faragha. Upande wa pili kuna milango miwili inayoelekea ghala ya vinywaji na ghala ya chakula. Ghorofani, chumba cha wenyewe kina choo kilichoning'inia nje ya ukuta. Baba alikwenda kukikagua na kurudi ameridhika.

Jambo moja mimi sijalikubali mpaka leo. Wakazi wa baadaye walijenga dohani na kuugawa ukumbi kwa sakafu ya juu, wakapata joto na vyumba zaidi. Nyumba ilipojengwa upya, hayo yote yakaachwa ili ukumbi wa wazi uonekane. Najua sababu, na bila uamuzi huo tusingeona paa lile. Ila naona ni uonevu kidogo kwa wale walioishi humo karne kadhaa bila kuvuta moshi.

Baba hakuwa na habari na dohani. Alikuwa ameinua shingo kuelekea mtambaapanya mkubwa unaokatiza ukumbi, na nguzo fupi iliyosimama juu yake kubeba paa. Tulipotoka, kwenye banda lenye vielelezo vya ujenzi akaona kiungo cha kuonyeshea, ulimi na tundu lake, akachungulia mahali pa kigingi.

"Aliyetoboa hapa alikosea. Matundu hayakutani."

Mzee mmoja wa makumbusho, seremala mstaafu kwa nilivyomwelewa, akaniuliza baba anasemaje. Nikatafsiri kwa aibu. Yule mzee akatabasamu, akaingiza ulimi, akatwaa kigingi kilichochongoka na nyundo ya mti. Tundu la kwenye ulimi limesogezwa kidogo makusudi kuelekea shina lake, kwa hiyo kigingi kinapopita kwa nguvu kinauvuta ulimi ndani, na kiungo kinajikaza chenyewe. Hakihitaji gundi wala kamba ya kukibana.

Baba akaomba nyundo. Akakitoa kigingi, akakirudisha, akakitoa tena. Wakaanza kuzungumza wenyewe, huyu kwa Kiingereza, yule kwa Kiswahili, wakionyeshana kwa vidole unene wa mwachano. Yule akaweka ukucha wa kidole gumba, Baba akatikisa kichwa na kuonyesha nusu yake, kwa kuwa mvule hauvumilii kama mwaloni. Mimi nilikwenda kununua chai.

Niliporudi, Baba alikuwa ameshika simu, anamrekodia fundi wake mkuu ujumbe wa sauti. Aache kazi ya vitanda mara moja, achukue kekee, atoboe ulimi pembeni kidogo ya tundu, achonge kigingi kikavu. Alirudia maelezo mara kadhaa, akipaza sauti kana kwamba Tanga ingesikia vizuri zaidi.

Jibu lilitufikia tukiwa njiani kurudi. "Shikamoo, Mzee. Nimekuelewa. Lakini mwenye kabati amekuja hapa, anasema anataka misumari na anataka leo. Nimwambieje?"

Baba akafikiri mpaka tukavuka mzunguko wa barabara.

"Mwambie mwenye karakana amesafiri."