Maua ya Bibi, Kaburi la Rocío

Bibi niliyepanga chumba kwake Madrid hapigi pasi kimyakimya. Hufungua dirisha, akashika shati la kwanza, akaanza nyimbo za Rocío Jurado, mwimbaji mashuhuri wa Hispania aliyekwisha fariki, kwa sauti ambayo majirani wameshachoka kuilalamikia. Ni mtu wa kusini, mkoa wa Cádiz, na siku hizi magoti hayamruhusu safari. Nilipomwambia naenda Jerez, mji wa mkoa huohuo, kutembea, akaisimamisha pasi.

"Mwanangu, ukishafika Jerez, Chipiona kwao Rocío ni hapo tu. Mpelekee maua kaburini." Akanitia noti ya yuro 20 mkononi. "Claveles, mekundu. Usije ukanunua mawaridi."

Clavel ni lile ua lenye kingo zilizochanikachanika kama ukindu. Jina lake limetokana na karafuu, kwa ajili ya harufu. Mimi mtoto wa Pemba, niliyekulia kwenye majamvi ya kuanikia karafuu, nikaona basi hii kazi ni yangu kabisa.

Treni kutoka Atocha, stesheni ya Madrid, hadi Jerez ilikwenda vizuri, sina la kusema. Maua nikayanunua Jerez, nikaenda kituo cha basi, nikaisoma ratiba ya siku za kazi ilhali ilikuwa Jumamosi. Basi lilikuwa limeshaondoka. Nikakaa saa mbili na shada mapajani, joto limeshuka kama kifuniko cha chungu, maua yanainamisha vichwa. Mwenye mgahawa wa kituoni akaniuliza ni ya nani. Nikamjibu, "Ya Rocío." Hakuuliza Rocío yupi. Akaleta jagi la maji, akayatumbukiza mwenyewe.

Chipiona unauona mnara wake wa taa kabla hujauona mji. Una urefu wa karibu mita 70, na umesimama tangu 1867. Warumi nao walikuwa na mnara wao pande hizo zamani, na jina la mji linasemekana limetoka huko. Chini yake, maji yakitoka, huonekana kuta za mawe zilizolala baharini. Samaki huingia na maji ya kujaa, maji yakishuka wanabaki ndani, na watu huenda kuwaokota kwa miguu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Sisi tunajenga uzio kwa fito, wao kwa mawe, lakini saa ya kwenda kutazama mtego anayeipanga ni mwezi, kwao na kwetu.

Rocío alizaliwa hapa katika miaka ya 1940. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyependa kuimba flamenko, muziki wa kusini mwa Hispania, na alifariki binti angali kigoli. Nyumba ikabaki na mama na watoto. Msichana akashona viatu, akachuma matunda, na akawa anakwenda kushindana kuimba redioni Sevilla. Husimuliwa kwamba zawadi yake moja ilikuwa peseta 200, chupa ya soda na jozi ya soksi ndefu za kike. Alizoa zawadi nyingi hata akaitwa msichana wa zawadi. Kisha akapanda Madrid na mama yake, akaimba katika ukumbi wa flamenko wa Pastora Imperio, msanii mkubwa wa kizazi kilichotangulia, na mwaka 1963 akaonekana katika filamu pamoja na mwimbaji Manolo Escobar.

Alianza na copla, nyimbo zenye kisa kizima ndani yake: mwanamke aliyeachwa, mume wa mtu, wivu, kiburi. Aliyelelewa na taarabu hahitaji mkalimani hapo. Baadaye, kwa tungo za Manuel Alejandro, akahamia nyimbo za mapenzi za okestra, akalivua gauni la flamenko na kuvaa magauni ya usiku, na Amerika ya Kusini nayo ikamjua. Filamu hakuziacha. Carlos Saura alipotengeneza "El amor brujo", mwaka 1986, sauti inayoimba ni ya Rocío. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipoimba vizuri kuliko kote, bila mapambo. Bibi hakubaliani nami, na tumeshanuniana kwa hilo.

Katika kanisa la Regla, linalotazama bahari, ndipo Rocío alipoolewa na bondia Pedro Carrasco mwaka 1976. Bikira wa pale ni mweusi, amempakata mtoto mweupe. Nikamtazama, naye kama ananitazama. Kizee mmoja kwenye benchi akatutazama sote wawili, akacheka kwa adabu.

Saratani ya kongosho ilimchukua Rocío tarehe 1 Juni 2006. Mwaka ule Hispania ilizika kina Rocío wawili, kwani Rocío Dúrcal, naye mwimbaji na mwigizaji, alitangulia mwezi Machi. Huyu wa Chipiona alirudishwa kwao.

Makaburini sikuhitaji kuuliza sana; nilifuata mama wawili wenye ndoo na maua. Wakanipisha. Nikayapanga yale claveles, mawili yamevunjika shingo, nikayaficha nyuma. Halafu nikampigia bibi, nikaisogeza simu karibu na jiwe nikidhani ataimba.

Kimya. Kisha: "Pamefagiliwa?"

"Pamefagiliwa, bibi."

"Maua ya wengine yapo?"

"Yapo mengi."

"Mekundu?"

Nikayahesabu. Mengi yalikuwa mawaridi. Nikamwambia hivyo, akaguna. Mmoja wa wale mama, aliyekuwa akisikia yote, akaichukua simu mkononi mwangu, na kwa dakika kumi nzima wakazungumza kuhusu mawaridi.

Niliporudishiwa simu bibi alikuwa ameshabadili mambo. Eti nisirudi bila chupa ya moscatel, mvinyo mtamu wa kwao. Mtoto wa chuo cha Kurani Wete, nimebeba chupa ya mvinyo ndani ya basi la mwisho, nimeifunga kwa kanga isigongwe.